Njia ya Habari Kati ya Chuo na Chuo

Katika ukurasa huu wa masomo wasomaji wamezoea kukuta habari za udongo, mbolea, na maisha ya wadudu. Safari hii naomba nafasi nieleze jambo jingine ambalo wengi wetu tutakutana nalo tukijaliwa kufika chuo kikuu, yaani jinsi vyuo vinavyounganishwa kwa nyaya ili vipelekeane habari za utafiti na vitumie pamoja kompyuta kubwa. Mimi si bingwa wa mambo haya. Nimeyapata kwa dada yangu, kwa mjomba wangu mwenye duka Kariakoo, kwa mwalimu wetu wa Fizikia, na katika vitabu. Penye kosa, kosa ni langu, wala mtu asiwalaumu wao.

Nyumbani kwetu ni Kariakoo, Dar es Salaam. Nilipokwenda likizo ya mwezi wa Juni mwaka 2024 nilikuwa Kidato cha Tatu, na dada yangu alikuwa mwaka wa mwisho wa chuo. Nilimkuta hana raha. Alikuwa amepoteza kazi yake ya miezi mitatu, nami nitakieleza kisa hicho mahali pake. Siku moja asubuhi akaniambia, "Mdogo wangu, vaa viatu twende tukatembee. Nataka kukuonyesha jambo."

Tukatoka kwa miguu mpaka Mtaa wa Lumumba. Huko ndiko kilikozaliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwezi wa Oktoba mwaka 1961, katika jengo la chama cha TANU, kikiwa na somo moja tu la sheria na wanafunzi wasiofika kumi na watano. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Tukapita Mnazi Mmoja, tukaingia Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ambako kuna Chuo cha Elimu ya Biashara kilichoanzishwa mwaka 1965, na mbele kidogo, penye njia panda ya Barabara ya Morogoro, Taasisi ya Teknolojia, yaani DIT, iliyoanza kama chuo cha ufundi mwaka 1957. Tukaenda Upanga tukaona Chuo Kikuu cha Afya cha Muhimbili. Tukarudi mjini mpaka Mtaa wa Shaaban Robert, palipo na Chuo cha Usimamizi wa Fedha karibu na Makumbusho ya Taifa. Mwisho tukasimama Kivukoni, tukatazama meli bandarini, na ng'ambo ya maji, upande wa Kigamboni, kuna Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Tulikuwa tumesimama mara moja tu kunywa madafu, na saa sita ya mchana ilikuwa haijafika.

Dada akaniuliza, "Mwanafunzi wa chuo hiki akimpelekea barua ya kompyuta mwenzake wa chuo kile, barua hiyo hupita wapi?"

Nikajibu kwa haraka, "Hupita chini ya barabara hii hii, dada."

Akacheka. "Huenda ikapita Ulaya kwanza."

Nilidhani ananifanyia mzaha. Lakini si mzaha, na ndilo jambo ninalotaka wasomaji walielewe.

Habari yoyote inayopelekwa kwa kompyuta, iwe barua, picha, au sauti, hukatwakatwa ikawa vifurushi vidogo vidogo, na kila kifurushi huandikwa kinakotoka na kinakokwenda. Njiani mna mitambo iitwayo ruta. Kazi yake ni kusoma anwani ya kila kifurushi na kukisukuma upande unaofaa. Kule mwisho vifurushi hukusanywa na kupangwa tena kama vilivyokuwa. Sisi watu wa Kariakoo hatupati shida kufahamu jambo hili. Hata jina la mtaa wetu latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na mpaka leo kazi ya mtaa ni kubeba, kusoma alama juu ya robota, na kupeleka panapohusika.

Basi kwa nini kifurushi kiende Ulaya? Kwa sababu kila chuo hununua huduma yake kwa kampuni yake, na kila kampuni ina njia zake. Kama kampuni mbili hazikutani hapa mjini, mzigo wa moja haufiki kwa nyingine ila mpaka utoke nje ya nchi, ufike mahali zinapokutana, kisha urudi. Ni sawa na kutuma gunia la mchele kutoka Kariakoo kwenda Ilala kwa njia ya Marseille. Ili kupunguza upuuzi huu, mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilianzishwa Dar es Salaam sehemu ya makutano, iitwayo TIX, ambapo kampuni huunganisha nyaya zao na kubadilishana mizigo ya humu humu nchini. Kazi hiyo ilikuwa njema. Walakini, hata nyaya zikikutana, mara nyingi ghala yenyewe ya barua na mafaili haiko Tanzania. Mwanafunzi huweka faili lake katika ghala ya kampuni ya kigeni, na mwenzake hulichukua huko huko. Wote wawili wako Dar es Salaam, lakini faili limevuka bahari mara mbili.

Sasa tutazame bahari yenyewe. Waya wa habari baharini si mgeni pwani yetu: waya wa simu za maandishi ulifika Unguja mwaka 1879, ukitoka Aden na kuendelea mpaka Durban. Kompyuta zilichelewa zaidi, na kwa muda sisi wenyewe tulizifungia mlango, maana mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini. Baadaye marufuku hiyo ikalegezwa. Intaneti ilipokuja, vyuo vyetu viliipata kwa satelaiti. Satelaiti za namna ile hukaa juu ya ikweta kama kilomita 36,000 kutoka ardhini. Habari hupanda kilomita 36,000 na kushuka nyingine 36,000, jumla 72,000. Mwendo wa mawimbi ya redio ni kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari moja huchukua sekunde 0.24, na swali na jibu lake huchukua karibu nusu sekunde. Nusu sekunde ni kidogo ukiwa unapiga chafya, lakini kompyuta huulizana mamia ya mara kabla ya kumaliza kazi moja. Tena bei ya satelaiti ilikuwa ya kutisha, na chuo kizima kiligawana kijito ambacho leo mtu mmoja angekilalamikia.

Tarehe 23 Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulifunguliwa. Ulifika Dar es Salaam, na kuziunganisha Afrika Kusini, Msumbiji, Tanzania, Kenya na Jibuti na njia za kwenda Ulaya na India. Mwaka uliofuata ukafuata mkongo wa EASSy, kutoka Mtunzini, Afrika Kusini, mpaka Port Sudan. Wakati huo huo Serikali ilikuwa ikitandaza Mkongo wa Taifa kwenda mikoani.

Ndani ya mkongo mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, na kinachosafiri humo ni mwanga. Mwanga ndani ya kioo huenda pole kidogo kuliko hewani, kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Hata hivyo safari ya kilomita 10,000 huchukua sekunde 0.05 tu. Mtu atauliza, mbona mwanga hautoki pembeni waya unapopinda? Mwalimu wetu alituonyesha kwa chupa ya maji. Toboa tundu dogo ubavuni karibu na chini, jaza maji, zima taa za chumba, kisha mulika kwa kurunzi ya leza kutokea upande wa pili, miali ielekee tunduni. Maji yatachuruzika yakiwa yamepinda, na mwanga utapinda pamoja nayo mpaka kwenye beseni. Unapogonga ukingo wa maji kwa mshazari mkubwa, huakisiwa wote na kurudi ndani. Kioo hufanya vivyo hivyo. (Tahadhari: usimulike jicho la mtu. Pia andaa tambara, kwani sisi tulilowesha daftari za watu wawili.) Mtu aliyeonyesha mwaka 1966 kwamba nyuzi za kioo kisafi zingeweza kupeleka habari mbali ni Charles Kao. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009, yaani mwaka ule ule mkongo ulipofika kwetu.

Waya ukiisha kufika pwani, je, chuo kimeunganishwa? Hapana. Bahari ilikuwa sehemu ngumu kwa wahandisi, lakini sehemu iliyobaki, yaani kutoka pwani mpaka chumba cha mtafiti, ndiyo ngumu kwa mifuko ya vyuo. Hapa naomba tufanye hesabu.

Pale Upanga, wataalamu wa Muhimbili wamefuatilia kwa miaka mingi wagonjwa wa selimundu, kazi iliyoanza mwaka 2004, na mwaka 2017 Dar es Salaam ilifanywa makao ya ushirika wa utafiti wa ugonjwa huo unaohusisha pia Ghana na Nigeria. Watafiti wa namna hii husoma urithi wa mtu, ambao ni kama kitabu cha herufi bilioni 3. Kwa kuwa husomwa mara nyingi ili kuepuka makosa, mafaili ya mtu mmoja hufika kiasi cha gigabaiti 100. Hizo ni biti bilioni 800. Chuo chenye njia ya biti milioni 2 kwa sekunde kitazipeleka kwa sekunde 400,000, ambazo ni saa 111, yaani siku nne na nusu na zaidi, ikiwa umeme haukukatika na hakuna mtu mwingine chuoni anayetumia njia hiyo hata kusoma barua. Chenye biti milioni 100 kwa sekunde kitatumia saa 2 na dakika 13. Chenye biti bilioni moja kwa sekunde kitatumia dakika 13 na sekunde 20, kama muda wa kunywa uji hapa shuleni.

Sasa chukua mafaili yale yale uyatie katika diski ya kubebea, upande daladala kutoka Upanga mpaka Mlimani. Tuseme foleni ni ya kawaida na safari ni saa moja na nusu, yaani sekunde 5,400. Gawanya, utapata biti milioni 148 kwa sekunde. Kumbe daladala lina kasi kuliko njia mbili za kwanza! Nilipompa dada hesabu hii hakucheka, na baadaye nilifahamu kwa nini.

Vyuo basi vitapataje njia ya biti bilioni moja, na hali kila kimoja hakina fedha? Jibu nililipata dukani kwa mjomba. Mjomba huuza vyombo vya jikoni. Nilimwamkia, "Shikamoo mjomba," akaitikia, "Marahaba mjomba, keti hapo usikanyage sufuria." Nikamwuliza amewezaje kuleta mizigo kutoka Guangzhou na duka lake ni dogo hivi. Akaniambia kwamba peke yake hawezi kujaza kontena, na kontena nusu tupu hulipiwa kama lililojaa. Kwa hiyo wafanyabiashara kumi au kumi na watano hujiunga. Kila mmoja hutia alama yake juu ya robota zake, kontena hujaa, gharama za meli hugawanywa kwa ukubwa wa mzigo, na bandarini hujulikana kama mteja mmoja mkubwa, si wadogo kumi na watano. "Na mkigombana?" nikauliza. Akasema, "Tunagombana kila mara. Lakini kontena linafika."

Hivyo ndivyo ilivyo mitandao ya elimu na utafiti. Kwetu uko mmoja uitwao TERNET. Wenzetu wa Kenya walitangulia na KENET mwaka 1999, na Uganda wana RENU. Vyuo na vituo vya utafiti hujiunga, hununua nafasi ya mkongo kwa jumla, na kugawana kwa bei nafuu. Tena, na hili kwangu ndilo kubwa kuliko bei, hukutana wao kwa wao hapa hapa nyumbani, bila kupita njia za biashara. Mitandao ya nchi nayo hujiunga. Mwaka 2005 Kenya, Malawi, Msumbiji, Rwanda na Afrika Kusini zilianzisha UbuntuNet, ambao makao yake ni Lilongwe, na nchi nyingine zikaingia baadaye, pamoja na Tanzania. Kuanzia mwaka 2011, kwa mpango wa AfricaConnect uliosaidiwa na fedha za Umoja wa Ulaya, mitandao hii iliunganishwa na GÉANT, mtandao wa watafiti wa Ulaya. Kuna pia utaratibu uitwao eduroam: mwanafunzi akizuru chuo cha nchi nyingine kilichomo katika utaratibu huo, kompyuta yake hupokewa kwa jina na neno la siri la chuo chake cha nyumbani, kama mgeni mwenye barua ya utambulisho.

Wengine hudhani kwamba mitandao ya vyuo ilizaliwa baada ya intaneti ya biashara. Ni kinyume. Tarehe 29 Oktoba 1969 huko Marekani, kompyuta ya chuo kikuu kimoja ilijaribu kuiandikia kompyuta ya kituo cha utafiti neno LOGIN. Zilipofika herufi mbili, L na O, mtambo ukazimika. Ndiyo salamu ya kwanza ya intaneti. Uingereza waliunganisha vyuo vyao kwa mtandao wa JANET mwaka 1984, na mwaka 1986 Wamarekani walijenga mtandao wa kuviunganisha vituo vya kompyuta kubwa ili watafiti wa vyuo visivyo nazo wazitumie wakiwa kwao. Biashara ilifuata nyuma.

Hapo ndipo tunapofikia kompyuta kubwa, na sababu ya kuitumia pamoja. Tuchukue mto Msimbazi, ambao watu wa Kariakoo na Magomeni wanaujua vizuri, kwa kuwa ukijaa barabara ya Jangwani hufungwa na mji hugawanyika mara mbili. Dada yangu alitaka kukadiria, mvua kubwa ikinyesha saa sita mfululizo, maji yatafika wapi na kwa kimo gani. Kwa hesabu hiyo ardhi hugawanywa katika miraba midogo. Tufanye kila mraba una upande wa mita 5. Kilomita moja ya mraba ina miraba 40,000, na eneo la kilomita 100 za mraba lina miraba 4,000,000. Kwa kila mraba, kila sekunde, lazima ijulikane maji kiasi gani yameingia kutoka kwa jirani na kiasi gani yametoka. Saa sita zina sekunde 21,600. Zidisha, utapata hesabu 86,400,000,000. Mtu akifanya hesabu moja kila sekunde bila kulala wala kula, atamaliza baada ya miaka zaidi ya 2,700.

Kompyuta kubwa ni kompyuta nyingi zilizofungwa pamoja. Kazi hukatwa vipande, kila moja hupewa kipande chake, kama sisi tunapogawiwa matuta ya shamba la shule. Tofauti ni kwamba maji hayatambui mpaka wa tuta, kwa hiyo kila kompyuta lazima imwulize jirani yake kila mara, "Kwako yamefika wapi?" Mtambo kama huo ni ghali, hula umeme mwingi, hutaka ubaridi usiku na mchana, na baada ya miaka michache huzeeka. India ilisaidia kuanzisha pale DIT kituo cha TEHAMA kilichopewa kompyuta ya ukoo wa PARAM. Wahindi walikamilisha PARAM ya kwanza mwaka 1991, baada ya kunyimwa ruhusa ya kununua kompyuta kubwa ya Marekani waliyoitaka. Mimi naona kila chuo kununua mtambo wake ni kupoteza fedha: huu utalala kutwa hauna kazi, na ule utaelemewa. Vyuo vyetu vilijua kugawana hata kabla ya nyaya. Katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kati ya mwaka 1963 na 1970, sheria ilifundishwa Dar es Salaam, uhandisi Nairobi, na udaktari Makerere, ingawa nasikia kila mmoja alikuwa akitamani vya mwenzake, na mwishowe wakaachana.

Sasa nitimize ahadi yangu.

Baada ya mvua kubwa za Aprili 2024 dada alizunguka nyumba 61 katika bonde la Msimbazi. Maji yakipungua huacha mstari wa tope ukutani. Katika kila nyumba alisimamisha tepu ya kupimia penye mstari ule, akapiga picha, akaandika mahali. Alikuwa pia na picha za droni zilizo nzito sana. Kazi ya namna hii si mpya Dar es Salaam. Tangu mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuchora, pamoja na wenyeji, mitaa inayofurika. Dada alikuwa amepewa zamu ya kutumia kompyuta ya chuo kingine cha mjini, na zamu yake ilikuwa Ijumaa, tarehe 17 Mei.

Jumapili tarehe 12 Mei, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Upande wa kaskazini mambo yalikuwa yameharibika tangu Februari, nyaya kadhaa zilipokatika katika Bahari ya Shamu, SEACOM ikiwa mojawapo, kwa hiyo mzigo mwingi ulikuwa umeelekezwa kusini. Kusini nako kulipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Ilibidi meli ya matengenezo itoke Cape Town. Sisi wa bweni hatukuhisi lolote, maana hatuna simu. Tulisikia kwa mwalimu siku mbili baadaye.

Dada alijaribu kupeleka mafaili yake Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Ghala waliyoizoea, yeye na wenzake wa chuo kile cha pili, ilikuwa ng'ambo. Kati ya chuo na chuo palikuwa na mwendo wa daladala moja, na waya chini ya barabara haukuwa umekatika mahali popote, lakini hapakuwa na njia waliyoizoea ambayo haipiti baharini. Alhamisi akatia kila kitu katika diski, pamoja na picha za zile nyumba, ambazo alikuwa amezifuta katika simu ili apate nafasi. Kompyuta mpakato yake ni ndogo, haikuweza kuchukua yote. Akapanda daladala. Akashuka Kariakoo ili amsalimu mjomba kwanza. Mnajua msongamano wa pale saa tano asubuhi. Alipofika dukani mkoba ulikuwa umechanwa ubavuni kwa wembe, umenyooka kama umekatwa na fundi cherehani.

Mjomba alitangaza zawadi kwa atakayeirudisha diski bila kuulizwa neno. Vijana waliletwa diski tatu, hata moja si yake.

Ndiyo maana mwezi ule wa Juni nilitembea naye tena bondeni, mimi nikiwa mshika tepu. Picha za droni alizipata upya kwa watu waliozipiga. Lakini kuta hazikuwa zimemngoja. Watu walikuwa wamesafisha nyumba zao, wengine wamepaka chokaa, mmoja amepaka rangi ya samawati nzuri sana, na alitukaribisha chai tuitazame. Mama mmoja alituonyesha kwa mkono wake, "Yalifika hapa," kisha akaushusha kidogo, kisha akaupandisha. Dada alimshukuru, lakini hakuandika. Tulipata mistari 23 inayosomeka.

Zamu nyingine ya kompyuta alipewa mwezi wa Agosti, na safari hiyo vyuo viwili vilipelekeana mafaili bila kupita ng'ambo, kwa njia iliyotengenezwa na mafundi wao kwa siku moja. Gigabaiti zake zilifika kabla hajamaliza chai. Alifaulu, na nakala ya ramani aliyoichora ameitundika juu ya kitanda chake pale nyumbani. Nyumba 23 ni viduara vyeusi vyenye namba ya kimo cha maji. Nyumba 38 ni viduara vitupu.